MGENI KATIKA HEKALU LA USHINTO
Somo kutoka Bustani ya Ueno, Tokyo

Mara kwa mara wanafunzi wa dini, na hasa wale waliosilimu karibuni, huuliza: Je, Mwislamu anaruhusiwa kuingia katika nyumba ya ibada ya watu wa dini nyingine? Na akiingia, afanye nini na aache nini? Wako wajibuo kwa haraka kwamba haifai hata kukanyaga kizingiti chake. Na wako wasemao kwamba hakuna neno lolote, mgeni na afanye kama wafanyavyo wenyeji, kwani hizo ni desturi tu. Majibu yote mawili ni mepesi mno.

Katika somo hili tutalichunguza swali hilo kwa kutazama mahali pamoja mahsusi, yaani hekalu la Toshogu lililomo katika Bustani ya Ueno, mjini Tokyo, nchini Japani. Tumelichagua hekalu hili kwa sababu historia yake inatuonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwa nini Mwislamu asiiname hapo, na kwa nini mtu yeyote asilazimishwe kuinama wala kuzuiwa kuinama.

Ushinto ni dini gani?

Kabla ya kuingia nyumbani kwa mtu ni vema kumjua mwenye nyumba. Ushinto ni dini ya asili ya Wajapani, na maana ya jina lake ni "njia ya kami". Neno kami ni gumu kulifasiri. Halina maana ya Mwenyezi Mungu kama tumwaminivyo sisi, Muumba Mmoja asiye na mshirika. Kami ni chochote chenye kutia kicho katika moyo wa mtu: jua, mlima, maporomoko ya maji, mti wa kale, mzee wa ukoo, au mtu mkuu aliyekwisha kufa. Wajapani wana msemo kwamba kami ni milioni nane, na kwa msemo huo hawakusudii hesabu kamili, bali wingi usiohesabika.

Ushinto hauna mwanzilishi ajulikanaye, wala hauna kitabu kimoja kidaiwacho kuwa kimeteremshwa. Vitabu vyake vya kale, yaani Kojiki cha mwaka 712 na Nihon Shoki cha mwaka 720, ni masimulizi juu ya asili ya nchi na nasaba ya wafalme wake. Msomaji aliyepata kusikia habari za mizimu, za matambiko, na za miti ambayo wazee walikataza isikatwe, hataona taabu kufahamu jambo hili. Na afahamu pia kwamba watu wa namna hii si wapumbavu. Ni wanadamu walioona ukuu katika viumbe wakasimama hapo hapo, kabla hawajafika kwa Yule aliyeviumba.

Kilima cha Ueno

Bustani ya Ueno ina eneo lipatalo hekta 53. Mna miti mingi, na mashuhuri zaidi ni miti ya cheri, ambayo maua yake huwavuta watu kwa maelfu katika majira ya kuchipua. Mna pia ziwa la Shinobazu, majumba ya makumbusho, na bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1882. Zamani kilima hiki chote kilikuwa milki ya hekalu kubwa la Kibuddha liitwalo Kan'ei-ji, lililoasisiwa mwaka 1625. Mwaka 1868 askari wa serikali mpya ya mfalme walipigana hapo na wafuasi wa utawala wa zamani, na majengo mengi ya hekalu hilo yakateketea. Mwaka 1873 serikali ikaamuru kilima kiwe bustani ya watu wote.

Katika moto huo hekalu la Toshogu lilisalimika. Kadhalika lilisalimika katika tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923, na tena katika mabomu ya mwaka 1945 yaliyounguza sehemu kubwa ya Tokyo. Hivyo mgeni aliyetazamapo leo analiona jengo lile lile la mwaka 1651, lililojengwa mahali pa hekalu la kwanza la mwaka 1627.

Mgeni huingia kwa kupita chini ya torii, yaani lango lisilo na milango, lenye nguzo mbili na boriti mbili juu yake. Torii hii ni ya mawe, nayo ilitolewa mwaka 1633. Kazi ya torii ni kuonyesha mpaka: nje ya hapo ni mahali pa kawaida, ndani ya hapo pamewekwa wakfu. Kutoka hapo njia huendelea kati ya safu za taa za mawe zipatazo zaidi ya 200, na mbele yake ziko taa 48 za shaba. Hazikuwekwa kwa ajili ya kuwamulikia wapita njia, bali kwa ajili ya moto wa ibada. Zilitolewa na watawala wa majimbo mbalimbali ya Japani, na majina ya watoaji yamechongwa juu yake.

Mwisho wa njia ni lango lililopambwa kwa dhahabu. Juu ya nguzo zake zimechongwa nyoka wakubwa wa hadithi za Mashariki ya Mbali, mmoja akipanda na mmoja akishuka. Wenyeji husimulia kwamba usiku hushuka ziwani kunywa maji. Nyuma ya lango hilo ndipo lilipo jengo lenyewe, na katika chumba chake cha ndani kabisa hukaa kami, mahali ambapo watu wa kawaida hawaingii.

Ni nani anayeabudiwa hapo?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Anayeabudiwa hapo si jua wala mlima. Ni mtu, na historia yake inajulikana vizuri. Jina lake ni Tokugawa Ieyasu, aliyezaliwa mwaka 1543. Mwaka 1600 aliwashinda wapinzani wake katika vita vya Sekigahara, na mwaka 1603 akapewa cheo cha shogun, yaani mkuu wa majeshi aliyeshika hatamu za nchi kwa jina la mfalme. Alifariki mwaka 1616. Mwaka uliofuata baraza la mfalme likampa jina la kiungu, Tosho Daigongen, ambalo maana yake ni karibu na "Mdhihiriko Mkuu Uangazao Mashariki". Mjukuu wake Iemitsu, shogun wa tatu, ndiye aliyelijenga upya hekalu la Ueno kwa fahari tuionayo leo.

Tusikose insafu. Ieyasu alikomesha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoitafuna Japani kwa zaidi ya miaka 100, na amani aliyoiweka ilidumu zaidi ya karne mbili. Mkulima aliyeweza tena kulima bila ya kuchomewa nyumba alikuwa na haki ya kumshukuru. Kumshukuru mtu aliyetenda wema ni jambo jema, na Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Lakini tazama jinsi shukrani inavyohama kidogo kidogo. Kwanza mtu hukumbukwa. Kisha kaburi lake hupambwa. Kisha hupewa jina lisilo la kibinadamu. Mwisho huombwa haja ambazo yeye mwenyewe, alipokuwa hai, hakuweza kujitimizia. Ieyasu alikuwa na madaraka yote ya Japani mkononi mwake, wala hakuweza kuizuia siku yake ya kufa.

Ndiyo sababu Mtume s.a.w. aliwaonya wafuasi wake wasimkuze yeye kupita mpaka, wala wasifanye makaburi ya Manabii kuwa mahali pa kusujudia. Kama onyo hilo lilikuwa lazima kwa Manabii wa Mungu, je, litakuwaje kwa wafalme na majemadari? Na sisi wenyewe tusijione salama kwa sababu tuko mbali na Tokyo. Mtu aendaye kuomba mtoto au riziki katika kaburi la sheikh, au la babu wa ukoo wake, ameshika njia ile ile, ijapokuwa hakuna taa za shaba pembeni mwake.

Mkono wa mtawala katika ibada

Sasa tuangalie upande wa pili, ambao wapinzani wa ushirikina aghalabu husahau. Katika historia ya hekalu hili na ya dini hii, mara tatu serikali ilitia mkono wake katika dhamiri za watu, na kila mara matokeo yake yanafundisha.

Mara ya kwanza ilikuwa kuzuia. Mwaka 1614 utawala wa Ieyasu ulipiga marufuku Ukristo katika Japani nzima na kuwafukuza wamisionari wake. Chini ya warithi wake ukali ulizidi. Watu walilazimishwa kuikanyaga sanamu ya Yesu au ya Mariamu ili kuthibitisha kwamba si Wakristo, na kila nyumba ilipaswa kuandikishwa katika hekalu la Kibuddha. Wengi waliuawa. Hata hivyo mwaka 1865, mjini Nagasaki, watu wa kijiji cha jirani walimwendea padre wa Kifaransa katika kanisa lililokuwa limejengwa karibuni, wakamnong'oneza kwamba imani yao na yake ni moja. Walikuwa wameificha kwa zaidi ya miaka 200, bila ya padre na bila ya kanisa. Mbao za matangazo ya marufuku ziliondolewa mwaka 1873, mwaka ule ule ambao kilima cha Ueno kilifanywa bustani ya watu wote.

Mara ya pili ilikuwa kutenganisha. Kwa karne nyingi Ushinto na Ubuddha vilichanganyika, na hata jina la kiungu la Ieyasu lina fikira ya Kibuddha ndani yake. Mwaka 1868 serikali mpya iliamuru dini hizo zitengane. Ushahidi wa amri hiyo mgeni anauona kwa macho yake pale Ueno. Ukitembea katika njia ya taa za mawe, ukitazama kulia, utaona ng'ambo ya uzio mnara wa orofa tano wa Kibuddha, uliojengwa mwaka 1639. Mnara huo ulikuwa mali ya hekalu la Toshogu. Baada ya amri ulihamishiwa kwa Kan'ei-ji, baadaye ukakabidhiwa mji wa Tokyo, na leo umo ndani ya uzio wa bustani ya wanyama. Jengo halikusogea hata hatua moja. Ni kalamu ya serikali tu iliyolitoa katika dini moja na kulitia katika nyingine.

Mara ya tatu ilikuwa kulazimisha. Jambo hili halikutokea Ueno, bali katika kilima kingine chenye miti katikati ya mji mwingine, yaani kilima cha Namsan mjini Seoul, katika nchi ya Korea ambayo Japani iliitwaa mwaka 1910. Mwaka 1925 Wajapani walifungua hapo hekalu kubwa la Ushinto. Katika miaka ya 1930 wanafunzi, walimu na wafuasi wa makanisa wa Korea walilazimishwa kwenda kuinama katika mahekalu ya namna hiyo. Watawala walisema kwamba hiyo si dini, ni wajibu wa raia tu. Mwaka 1938 mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Korea ulishurutishwa kukubali hoja hiyo. Lakini mchungaji mmoja wa Pyongyang, Chu Ki-chol, aliikataa. Alifungwa mara kwa mara, na mwaka 1944 alifia kifungoni. Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945 hekalu la Namsan liliondolewa, na mwezi wa Desemba mwaka huo Ushinto ulitenganishwa na dola. Katiba ya Japani iliyoanza kutumika mwaka 1947 inampa kila mtu uhuru wa dini, na inakataza mtu kushurutishwa kushiriki katika ibada yoyote.

Basi tunajifunza nini? Waliozuiwa kuamini hawakuacha kuamini. Waliolazimishwa kuinama hawakuwa waumini. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, inakataza shuruti katika dini, na historia ya Japani ni tafsiri ya amri hiyo kwa vitendo. Imani huingia moyoni kwa dalili na kwa mfano mwema. Upanga na kalamu ya serikali hufika shingoni na mkononi tu.

Je, si desturi tu?

Msomaji aweza kuuliza: Wajapani wengi leo husema kwamba hawana dini, nao huenda hekaluni siku za mwaka mpya kama sisi tuendavyo kwenye sherehe. Basi kuna ubaya gani mgeni akiinama pamoja nao?

Jibu ni kwamba tutofautishe kitu na kitu. Mjapani akikutana nawe njiani huinamisha kichwa. Hiyo ni salamu baina ya watu, wala hakuna aidhaniaye kuwa ibada. Lakini mbele ya sanduku la sadaka hekaluni utaratibu ni mwingine: hutupa sarafu, huinama mara mbili, hupiga makofi mara mbili, huomba haja yake, kisha huinama mara moja. Hapo anaambiwa kami, wala haambiwi jirani. Kama Mjapani mwenyewe anaona kuwa ni desturi tu, hilo ni lake kulisema. Mwislamu, ambaye kila siku katika Sala husema kwamba humwabudu Mungu peke Yake na humwomba Yeye peke Yake msaada, hawezi kukifanya kitendo hicho akasema kwamba hakina maana. Kama kingekuwa hakina maana, watawala wa Korea wasingeliwafunga watu kwa kukikataa, wala yule mchungaji asingelikubali kufa.

Adabu za mgeni

Kwa hiyo twaweza kuyakusanya mafundisho haya katika mambo sita:

1. Kuingia kwa kutazama na kujifunza kunaruhusiwa. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hajj, inazitaja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kuwa ni mahali panapostahili kulindwa. Astahiliye kulinda nyumba hawezi kuogopa kuitazama.

2. Usidharau. Sura Al-An'am inakataza kuwatukana wale waombwao na wengine badala ya Mwenyezi Mungu. Sauti iwe ya chini, mavazi yawe ya heshima, usicheke mbele ya mtu aombaye, wala usipige picha palipokatazwa. Wajapani hawapendi kupita katikati ya njia ya hekalu, kwani huihesabu kuwa ya kami. Ukitembea pembeni hupotewi na kitu, na wenyeji wako hawaudhiki.

3. Usishiriki katika ibada. Karibu na lango kuna birika ambalo waabudio hunawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha husukutua kinywa. Mwislamu atakumbuka udhu, na ni haki yake kustaajabu kwamba mataifa yaliyo mbali sana yanajua kuwa mtu hujisafisha kabla ya kuomba. Lakini kunawa huko ni mwanzo wa ibada ya kami. Mgeni apite kando kwa utulivu, na kadhalika kwenye sanduku la sadaka.

4. Usinunue hirizi wala karatasi za bahati. Mahekaluni huuzwa vifuko vya kinga na karatasi za kutabiria mambo yajayo. Hizo ni hirizi na ramli kwa majina mengine. Asiyezichukua kwa mganga wa kijijini kwake asizichukue Tokyo kwa kuwa zimetengenezwa vizuri.

5. Ukiulizwa kwa nini huinami, jibu kwa upole na kwa maneno machache: "Ninaiheshimu nyumba yenu, lakini dini yangu inaniamuru nimwinamie Muumba tu." Jibu hili likisemwa kwa uso mkunjufu huwa mwanzo wa mazungumzo, na pengine lina manufaa zaidi kuliko vitabu vingi.

6. Usitamani kuichukua nyumba ya mwenzio. Historia husimulia kwamba Khalifa Umar r.a. alipoingia Yerusalemu alialikwa kusali ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, naye akasali nje, kwa kuhofia kwamba Waislamu watakaokuja baadaye wangelidai kanisa hilo kwa kisingizio cha sala yake. Hakukataa kwa chuki. Alikataa ili awalindie wenyewe haki yao.

Lililo juu yetu

Sura Fatir inatufundisha kwamba hakuna taifa lililopita pasipo kujiwa na Mwonyaji. Kwa hiyo Mwislamu anapoona kwa watu wa mbali usafi kabla ya ibada, kicho mbele ya mahali patakatifu na shukrani kwa wema, hana haja ya kukana kwamba hayo ni mema. Huenda ikawa ni mabaki ya nuru ya kale. Kazi yake ni kuyatambua mema hayo, na kueleza kwa hekima ni nani astahiliye kupewa kicho hicho na shukrani hiyo.

Na kwa ndugu aliyesilimu karibuni, ambaye wazazi wake bado wanafanya matambiko nyumbani, somo hili si la Japani peke yake. Wazazi wako wakikualika, nenda ukawatumikie, kaa nao, kula nao kilicho halali, wape heshima yao yote. Inapofika saa ya kuomba mizimu, ondoka kwa adabu, bila ya kuwakemea. Usiwalazimishe waache, nao wasikulazimishe ushiriki. Kisha usichoke kuwaombea kwa Yule azisikiaye dua za walio hai wote, na ambaye mbele Yake hao wazee waliokufa nao watasimama.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti baina ya maana ya neno kami na imani ya Kiislamu juu ya Mwenyezi Mungu.
2. Ni kwa hatua zipi shukrani kwa mtu mwema hugeuka kuwa ibada? Toa mfano wa mahali unapopajua.
3. Taja mara tatu ambazo serikali iliingilia ibada, kama zilivyoelezwa katika somo hili, na ueleze matokeo ya kila moja.
4. Rafiki yako anasema kwamba kuinama hekaluni ni desturi tu. Utamjibu nini, na kwa namna gani, ili asiudhike?